Barabara Niliyoifuta

Aliniomba nimfuate saa saba na nusu mchana, siku ya Jumanne, nikiwa na mkate mdomoni.

Naanzia hapo kwa sababu wengi wakisimulia mapenzi yao huanza na siku macho yalipokutana. Macho yetu yalikutana miaka miwili kabla ya Jumanne hiyo, na hakuna aliyeshtuka. Tulizoeana polepole, na tulipokuja kugundua tulikuwa tumeshachelewa kukimbia.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba ya maji. Tulichora ramani, lakini si za kalamu na karatasi. Tuliletewa picha zilizopigwa na setilaiti kutoka juu kabisa, tukazifungua kwenye kompyuta, na juu yake tukachora tulichokiona: barabara, mto, paa la nyumba. Wachoraji walikuwa sita. Mimi nilikuwa mhakiki. Mstari wowote haukuingia kwenye ramani mpaka mimi niuangalie na kuupitisha, ndiyo maana waliniita Jicho. Mkuu wetu tulimwita Pikseli, kama vile vimraba vidogo vinavyounda picha, kwa kuwa alikuwa mfupi na mraba. Alilijua jina hilo na lilimfurahisha.

Yeye aliyeniomba nimfuate alikuwa mpima ardhi. Kule tulikokuona kwa macho, yeye alikwenda kwa miguu kuthibitisha kwamba tulichokiita mto ni mto na tulichokiita njia inapitika. Viatu vyake vilikwisha kila baada ya miezi mitatu. Waliomwita Kwato walidhani wanamtania, naye akaliandika jina hilo kwenye kikombe chake cha chai.

Wenzetu waliposhuka kula mchana, sisi tulibaki juu. Alivuta kiti chake hadi kwenye meza yangu, akauliza, "Leo twende wapi?"

Nilikuwa naizungusha dunia kwenye kioo cha kompyuta, nafumba macho, naweka kidole. Popote kilipoangukia tulikwenda, tukishuka taratibu kutoka juu mpaka tuone mapaa. Tulikwenda kisiwa chenye nyumba nne na mnara mmoja. Tulikwenda kijiji kilichozungukwa na barafu pande zote, mbwa wamefungwa nje kama nukta nyeusi. Tulikwenda jangwa ambalo ndani yake mtu mmoja alikuwa amejenga ukuta mrefu usiozunguka kitu chochote, tukabishana siku tatu kuhusu mtu huyo.

"Mwenye nyumba ya bati jekundu hasemezani na jirani yake," nilimwambia siku moja.

"Umejuaje wewe?"

"Angalia vinjia. Kila nyumba ina kinjia cha kwenda kwa mwenzake. Kwake hakuna hata kimoja."

Alisogea kuangalia, bega lake likagusa bega langu, na hakulirudisha. "Ukinichunguza mimi hivyo," alisema, "nitakwisha."

Jumanne ile hakuniacha nifumbe macho. Aliandika namba za mahali mwenyewe, dunia ikazunguka, tukashuka kwenye bonde refu lililobanwa na milima. Nililijua bonde lile. Lilikuwa kwenye kazi zetu za mwezi huo, maana shirika moja lilitaka kujenga zahanati huko, na mapaa yake niliyahesabu mimi mwenyewe. Yalikuwa sitini na moja.

"Hapa si safari," nikasema. "Hapa ni kazi."

"Nimepewa mimi. Nipime eneo, nitafute mahali pa kisima, nisimamie ujenzi mpaka zahanati ifunguliwe. Miaka mitatu." Akaonyesha eneo tupu kando ya mto. "Na nyumba ya mpimaji itakuwa hapa."

"Hongera."

"Jicho."

"Nimesema hongera."

"Nimeomba nyumba ya watu wawili."

Hapo ndipo mkate uliponikwama. Alinipa maji. Alisubiri ninywe, halafu akaendelea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno yake mbele ya kioo. Tufunge ndoa kabla ya kuondoka. Watu wawili, mashahidi wawili, basi. Tuondoke pamoja.

"Na mama yako?"

"Mama ameshasema lake mara tatu."

Alikuwa amesema. Kwamba nimemzidi mwanawe miaka sita. Kwamba niliwahi kuolewa nikaachika. Kwamba miaka sita ndani ya ndoa ile sikuzaa, na yeye ana mtoto mmoja tu duniani, na hakumlea ili ukoo uishie kwenye ramani.

"Basi na mimi langu ni lile lile," nikasema. "Siolewi bila radhi yake. Nilishaishi na mama mkwe asiyenitaka. Nilikula miaka sita huku nahesabiwa matonge. Sirudi huko."

"Ndiyo maana nataka twende mbali."

"Kukosa radhi hakuna mbali, Kwato. Kunakufuata."

Akaangalia kioo. "Nimechoka kusafiri nikiwa nimekaa," akasema. "Miaka miwili tumeizunguka dunia yote, wewe na mimi, na mkono wako sijawahi kuushika barabarani." Akasimama, akakirudisha kiti mahali pake. "Naondoka baada ya wiki tano. Nilitaka twende wawili. Ikishindikana, nitakwenda mmoja."

Alisimama pale kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Leo najua alikuwa anasubiri neno. Mimi nikaanza kukusanya makombo ya mkate mezani, moja moja.

*

Jumamosi alasiri mama yake alibisha hodi kwangu. Hakuwahi kukanyaga mlango wangu kabla ya siku hiyo. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke mwembamba mwenye pini zimechomekwa kwenye ukosi, na alikiangalia chumba changu kama anayetafuta mshono uliopinda.

"Karibu, Mama."

"Mimi si mama yako. Tumepishana miaka kumi na sita. Ukiniita mama watu watanihesabia vibaya."

"Karibu kiti, basi."

Akaketi ukingoni. Nilimtengenezea chai, akaishika bila kunywa.

"Anakwenda," akasema.

"Najua."

"Hujui. Wewe unajua kwa kichwa." Akaweka kikombe chini. "Baba yake alikwenda kazini mbali. Alisema miaka miwili. Alinipigia simu mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa nne. Huu ni mwaka wa ishirini na nne. Sijui kama nimeachwa au nimefiwa. Sijui hata nguo nivae ya rangi gani."

Nilikuwa nimejizoeza kumchukia mwanamke huyu, na sasa alikuwa amekaa kwenye kiti changu na mikono yake ilikuwa na alama za sindano.

"Wewe anakusikiliza," akaendelea. "Mimi nikisema neno, anasema ndiyo Mama, halafu anafunga kamba za viatu. Wewe ukisema anakaa kulifikiri. Sasa sikiliza. Mzuie asiende. Ukimzuia, radhi yangu unayo. Nitaitoa mbele ya shangazi zake wote, na atakayetia neno nitamjibu mwenyewe."

"Ulisema mimi sizai."

"Nilisema." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mjukuu nisiyemwona na mjukuu asiyekuwepo, kwangu wamekuwa sawa. Nataka mwanangu apite mlangoni kwangu jioni. Basi."

"Nimzuieje? Ameshakubali kazi. Ameshatia saini."

"Sijui. Wewe ndiye unayemjua. Mimi nimemzaa tu."

Alipoondoka nilikaa pale pale mpaka chai yake ikaweka utando. Ningeweza kumpigia Kwato simu wakati ule. Ningeweza kumwambia neno moja, na leo nisingekuwa naandika haya. Lakini mtu aliyewahi kuachika huogopa kumwomba mtu abaki. Niliwahi kuliomba hilo kwa mume wangu wa kwanza, nikiwa nimeshika mlango, na alinipita kama anavyopita mtu kwenye pazia. Sikutaka kusema tena. Nilitaka mambo yajizuie yenyewe.

*

Shirika lile lilikuwa na sharti moja. Hakuna timu itakayotumwa mahali ambapo ramani yetu haionyeshi njia ya gari. Bonde lile lilikuwa na barabara moja tu, ya vumbi, na barabara ile ilivuka mto mara moja, kwenye daraja la mbao.

Jumatatu nilifika mapema. Nilifungua picha ya mwezi uliopita. Daraja lilikuwepo, limenyooka kama rula. Nikafungua picha za nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka nikaipata ya msimu wa mvua wa miaka mitatu iliyopita. Mto ulikuwa umefura, wa kahawia, umelala juu ya kila kitu, na daraja halikuonekana kabisa. Nikaiambatanisha picha hiyo. Nikaichagua barabara kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaifuta. Programu ikauliza sababu, kama inavyouliza siku zote. Nikaandika: Daraja limesombwa. Picha ya mwezi uliopita. Haipitiki.

Ningependa kuandika kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Na hakuna aliyeangalia, kwa sababu mwenye kazi ya kuangalia nilikuwa mimi.

Jumatano Pikseli alitangaza kwamba safari ya bondeni imesimamishwa. Shirika lingetafuta mahali pengine, pa karibu, penye barabara. Kwato alikuja mezani kwangu amepauka.

"Umeiona?" akaniuliza.

"Nimeiona. Pole."

"Daraja la watu wale lilikuwa moja tu." Akajipangusa uso. "Sasa wanatokaje?"

"Watajenga jingine," nikasema.

Jioni tulishuka ngazi pamoja. Mbele ya duka la mabomba, watu wakipita, alinishika mkono. Tulitembea hivyo mpaka kona ya kwangu, na nilijiambia kwamba uongo wenye matunda kama haya huenda Mungu anauandika kwa penseli.

Nilikuwa na siku tisa. Nazikumbuka zote. Mama yake alikuja na tepu ya kupimia shingoni, akanizungushia kiunoni bila kuomba ruhusa.

"Umekonda," akasema. "Gauni halishonwi kwenye mwiko."

"Nitanenepa, Mama."

Akaandika kipimo. "Nenepa haraka," akasema. "Nimeshakata kitambaa."

Kwato alikuwa akitutazama kutoka mlangoni, anacheka, haelewi moyo wa mama yake umelainishwa na nini. "Mmenifanyia dawa nyinyi," alisema. Tukacheka wote watatu. Mimi na mama yake tulicheka bila kuangaliana.

*

Siku ya kumi, mchana, wachoraji waliposhuka kula, nilimkuta ameketi kwenye kiti changu. Kioo kilikuwa kwenye bonde.

"Nilikuwa natafuta njia ya miguu," akasema bila kugeuka. "Nilisema, gari haliendi, sawa, lakini mimi nina miguu. Labda kuna kivuko juu zaidi. Watu sitini na moja hawawezi kufungiwa ndani hivi hivi."

"Mapaa sitini na moja," nikasema. "Watu ni zaidi." Sijui kwa nini nilisahihisha. Mazoea ya kazi.

"Njoo uone."

Nilisogea. Alikuwa amefungua picha ya mwezi uliopita, ameikuza mpaka mwisho. Juu ya daraja palikuwa na kitu chenye pembe nne na kivuli chake pembeni.

"Hiki ni nini, Jicho?"

Niliangalia kile kivuli.

"Nakuuliza wewe, mhakiki. Hiki ni nini?"

"Ni lori."

"Lori. Juu ya daraja lililosombwa." Akageuka sasa. "Limepitaje? Limeogelea?"

"Kwato."

"Nikasema labda kuna makosa. Mtu amechoka, amechanganya picha. Nikafungua uliyoiambatanisha." Akabonyeza, na maji ya kahawia yakajaa kioo. "Picha hii naijua. Wiki yangu ya kwanza hapa ulinifundishia picha hii hii. Ulinionyesha kivuli cha wingu hapa kwenye kilima, ukasema ni bata aliyekasirika. Nilicheka mpaka Pikseli akaja kuuliza kuna nini. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Wewe umeandika mwezi uliopita."

Nje mtu alikuwa akipakua mabomba kwenye gari, chuma kikigonga chuma. Nilisubiri kelele ile imalizike, lakini haikumalizika.

"Umeifuta kwa makusudi," akasema.

"Ndiyo."

Nadhani alikuwa bado na tumaini, kwa sababu neno lile lilimkalisha vibaya kitini.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," akasema polepole. "Wewe umeifupisha mpaka haionekani. Kwa nini?"

"Mama yako alisema nikikuzuia atatoa radhi."

Alinitazama muda mrefu. Nimetazamwa na watu wengi kwa hasira, na hasira naijua. Ile haikuwa hasira. Alikuwa akiniangalia kama anavyoangalia picha, akitafuta mahali alipokosea kusoma.

"Kwa hiyo mlikaa wawili," akasema, "mkanigawana."

"Tulikupenda."

"Najua. Wote wawili. Ndicho kinachouma." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Na mimi pale mlangoni nasema mmenifanyia dawa. Mkacheka."

"Ulitaka kuoa. Nilitaka kuolewa. Yeye alitaka ubaki. Nilifanya jambo moja na kila mtu akapata."

"Na hawa?" Akagonga kioo kwa kucha, juu ya mapaa. "Hawa wamepata nini? Uliwahesabu mwenyewe. Huyu wa pembeni ulisema mkewe ana mimba, kwa sababu ameongeza chumba. Tulimtungia mimba kwa utani, Jicho, lakini kama ni kweli? Akikaribia kujifungua atafikaje, kwa barabara uliyoifuta?"

"Barabara ipo. Nimeifuta kwenye ramani tu."

"Kwenye ramani tu!" Hapo ndipo alipopaza sauti, mara moja. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba asiyekuwepo kwenye ramani haendewi na mtu!"

Nililia hapo. Sikulia kwa ajili ya bonde. Nililia kwa sababu nilimwona anaondoka, amekaa vile vile kitini.

"Ungeniambia nibaki," akasema, sauti imeshuka. "Ndicho kitu pekee ambacho hukufanya. Umeongea na mama yangu, umefukua picha za miaka mitatu, umefuta daraja la watu. Mimi hukuniambia. Ile Jumanne nilisimama hapa kama mjinga, nikisubiri. Ukaokota makombo."

"Ningesema ungebaki?"

Alifikiri. Alikuwa mkweli hata pale ambapo uongo ungenisaidia.

"Sijui," akasema. "Na sasa hatutajua."

"Naweza kusema sasa."

"Sasa ni kwa sababu umekamatwa." Akasimama, akaniachia kiti. "Irudishe. Wewe mwenyewe, asiirudishe mchoraji mwingine. Na uichore vizuri, maana nitapita juu yake."

Alipogeuka alimkuta Pikseli mlangoni na bakuli lake la chakula mkononi. Hatukujua alikuwa amesimama pale tangu lini. Kwato akampita. Pikseli akaingia, akaweka bakuli mezani, akalipanga sambamba na ukingo.

"Mimi ni mtu mzima," akasema. "Nina mke. Kwa hiyo kuna mambo sikuyasikia. Lakini kesho saa nne nataka barabara ile iwepo. Na jioni nataka barua yako."

"Ya kuacha kazi?"

"Ya kuomba kurudi kwenye uchoraji. Uhakiki umekushinda, binti." Alisema binti, ingawa hakunizidi sana. Nadhani alitaka kuwa mpole.

Niliichora barabara ile mchana ule na asubuhi iliyofuata. Kufuta kulikuwa kumechukua chini ya dakika moja. Kuchora kulichukua saa sita, kwa sababu sikuirudisha kwa kubonyeza, niliianza upya. Nilifuata kila kona. Pale ilipopita chini ya miti nilitafuta picha nyingine, za msimu mwingine, mpaka nikaiona chini ya majani. Sijawahi kuchora mstari wa kweli kama ule, na kila nukta niliyoiweka ilikuwa inampeleka mbali nami.

*

Shirika lilipoiona barabara liliirudisha safari. Aliondoka siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, kutoka uani kwetu. Gari lilikuwa limeshapakiwa. Mama yake alikuja amevaa viatu visivyofanana, hakuwa amegundua. Mwanawe alikuwa ameshamwambia kwamba anajua kila kitu.

Akasema mbele ya dereva, mbele ya Pikseli, mbele ya wachoraji wote sita waliokuwa dirishani: "Radhi nimetoa. Muoe uende naye, au muoe ubaki. Mimi sisemi tena neno."

Kwato akamkumbatia. Akamkumbatia muda mrefu, akamnong'oneza kitu ambacho sikukisikia na sikuwahi kuuliza. Halafu akanijia mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha. Alinyoosha mkono. Akanipa mkono kama wanavyopeana watu wa ofisi mmoja anapohamishwa, akautikisa mara moja.

"Asante kwa barabara," akasema. "Nimeiangalia jana. Ni nzuri."

"Baki," nikamwambia.

Nililisema mbele ya watu wote, kwa sauti, kama mtu anayetapika. Dereva aligeuza uso. Kwato alitazama viatu vyake, vipya, vya safari.

"Laiti," akasema, na hakumaliza. Akapanda gari.

Simu hazikushika bondeni. Alimwandikia mama yake barua tano. Mimi hakuniandikia hata moja, ingawa katika ya nne aliandika mwishoni: Mwambieni Jicho kwamba kweli kulikuwa na mtoto kwenye nyumba ya pembeni. Mama yake alinisomea mstari ule mara mbili, akakunja karatasi.

Mwezi wa kumi na nne alipata homa. Ilikuwa ya siku nne. Kuta za zahanati zilikuwa zimesimama lakini hazijaezekwa, na mganga alikuwa bado hajapelekwa. Gari lililotumwa kumchukua lilipita daraja bila shida, likafika siku ya tano. Watu wa mapaa yale ndio waliomwosha na kumzika. Pikseli ndiye aliyeniambia, na alipomaliza kuniambia alikaa sakafuni kando ya meza yangu mpaka saa ya kufunga.

Picha mpya ya bonde ilitufikia mwaka uliofuata. Sijui mama yake alisikia kwa nani. Alikuja ofisini mchana, wenzangu wameshuka kula, akapanda ngazi zote tatu, akasimama akihema.

"Nionyeshe alipo," akasema.

Nikamvutia kiti. Nikaizungusha dunia, tukashuka taratibu, milima ikafunguka, mto ukaonekana, daraja, barabara, mapaa. Yalikuwa sabini na mawili. Zahanati ilikuwa na bati jipya linalometa. Alivaa miwani yake ya kushonea, akasogea hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Yuko wapi?"

Nilitafuta. Barua ya mwenyekiti wa kijiji ilisema amelazwa upande wa juu wa zahanati, penye miti. Kila nukta ya picha ile ilikuwa na upana wa mlango. Kaburi ni nukta mbili, labda tatu, na udongo wake kutoka juu hauna tofauti na udongo mwingine. Niliikuza picha mpaka ikawa vibonge vya rangi. Nikaipunguza. Nikaikuza tena. Palikuwa na miti, na vivuli vya miti, na ardhi.

"Huoni?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Wewe si ndiye wanayekuita Jicho?"

Niliweka kidole kwenye kioo, kati ya vivuli viwili.

"Hapa," nikasema.

Hapakuwa na kitu. Akasogeza kiti, akaweka kidole chake kando ya changu, na akaanza kumsemesha kwa sauti ya chini, habari za nyumbani, habari za majirani, nani ameoa na nani amehama. Sikuondoa mkono mpaka alipomaliza.